Hata Kuonja

Kufukia ndizi si habari. Huku Titye kila mwenye migomba hufukia ndizi shimoni, zikishaiva akazikamua, na maji yake akayaacha yachachuke yawe pombe. Lakini siku Mzee Ndihokubwayo alipochimba shimo nyuma ya nyumba yake na kupanga humo mikungu minono kuliko yote shambani kwake, habari ilikwishafika kisimani kabla hajamaliza kulifunika. Wanawake waliipokea kwa furaha. Ange aliipokea akiwa ameshika ndoo ya maji, akaiweka chini.

"Mbona huchangamki, mama?" Firdausi, mwenye duka la pale barabarani, alimuuliza. "Ndizi zile ni za mumeo. Mzee anataka kunywa naye. Anataka kuyamaliza."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Namshukuru Mungu, dada," Ange alisema, akajitwisha ndoo yake na kuondoka upesi asije akaulizwa swali jingine.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Huku kwetu mtu akiua mtu, hata kama hakukusudia, mahakama ina hukumu yake na watu wana yao. Mahakama humfunga. Watu humngoja. Akirudi, salamu anazopewa ni za mdomoni tu, mpaka siku wenye msiba watakapomwita kwao. Chungu huwekwa katikati ya ua, baba wa marehemu hunywa kwa mrija, kisha humpa muuaji mrija uleule. Akinywa, yamekwisha, na kila aliyeugusa mrija ule hawezi tena kumchongea mwenzake. Akiukataa, basi ana kinyongo, au ana sumu, au bado anaitaka damu ya watu wale.

Pasikali, mume wa Ange, ndiye aliyemuua Nsabimana, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndihokubwayo. Walikuwa marafiki. Walilewa pamoja, wakabishana upuuzi, wakasukumana, na Nsabimana akaangukia kisogo kwenye jiwe. Pasikali alifungwa. Gerezani alifanya kila alichoambiwa, hakumjibu mtu, hakuiba hata chumvi, na kwa tabia hiyo njema wakampunguzia theluthi ya kifungo. Baadaye bodi ikampa parole, salio akalimalizie nyumbani akiwa chini ya uangalizi.

Masharti yake, yeye na Ange walisomewa na afande Lukmani, afisa wa parole kutoka Kasulu. Aripoti kila mwezi. Asivuke mpaka wa kata bila ruhusa. Asigombane na mtu. Halafu Lukmani akanyanyua kidole. "Na pombe ni marufuku, maana ndiyo iliyokupeleka ndani. Sizungumzii kulewa. Nasema hata kuonja. Ukionja tu, unarudi kumalizia, na hiyo theluthi uliyosamehewa inaweza kufutwa." Pasikali aliitikia ndiyo afande. "Na jambo la mwisho," afande akaendelea, "kila nikija nitawauliza wazazi wa marehemu kama kuna amani. Wakisema hakuna, siwezi kukuacha hapa kijijini."

Basi ndiyo hivyo. Pasikali akinywa, anarudi gerezani. Asipokunywa, hakuna amani, na anarudi gerezani. Ange alitembea na ndoo yake kichwani akiligeuza jambo hilo huku na huku, na kila alipoligeuza liliishia mlango uleule wa chuma.

Alimkuta mumewe uani anamenya mihogo. Pasikali alisimama wima mara alipomwona, mikono ubavuni, kisu akikificha nyuma ya paja.

"Kaa, baba," Ange alisema. "Ni mimi tu."

Alikaa. Alikuwa amerudi tangu mvua za kwanza, lakini sehemu yake kubwa ilikuwa bado haijafika. Alikula akimaliza kabla ya wote. Alikunja blanketi lake pembe kwa pembe. Juzi, mbele ya watoto, alimwambia Ange, "Naomba kwenda chooni," akasimama akingoja jibu. Watoto walicheka wakidhani baba anatania. Ange naye alicheka ili wasijue, kisha akaingia ndani akajifuta macho.

"Mzee amefukia ndizi," alisema sasa.

Kisu kilisimama. "Za nani?"

"Zako."

Pasikali aliangalia mihogo. Uso wake haukuonyesha hofu wala furaha, na hilo ndilo lililomtisha mkewe zaidi.

"Ni heshima kubwa," alisema hatimaye. "Sikuitegemea."

"Heshima? Umesahau masharti? Hata kuonja, alisema!"

"Sijasahau."

"Basi utafanya nini?"

"Sijui. Wewe niambie." Akaendelea kumenya. "Mimi nimezoea kuambiwa, Ange. Niambie, nitafanya."

Ange angefurahi kama mumewe angempigia kelele. Zamani walikuwa wakigombana mpaka majirani wanakuja, na leo aliutamani ugomvi ule. Aliingia jikoni, akakaa juu ya kuni, akaomba. Yeye ni mlokole, mwimbaji wa kwaya, na amezoea kuomba kwa maneno mengi. Siku hiyo aliweza neno moja tu: nisaidie.

*

Siku tatu baadaye alimuuza jogoo wake kwa Firdausi. Firdausi alimpapasa yule ndege kifuani, akasema amekonda, akatoa nusu ya bei yake, na Ange akapokea kwa mikono miwili maana nusu hiyo ilitosha nauli ya Kasulu kwenda na kurudi. Hakumwambia Pasikali. Aliona ni afadhali mmoja wao aogope kuliko wote wawili.

Ofisini alikuta kijana nyuma ya meza, anakunywa chai na andazi.

"Unamtaka nani?"

"Afande Lukmani. Mimi ni mke wa Pasikali Manirambona, wa Titye. Yule aliyetoka."

"Wa parole?" Kijana alimeza andazi. "Basi hajatoka, mama. Yuko nje tu. Kaa hapo benchi."

Alikaa. Watu waliingia, wakahudumiwa, wakaondoka. Mama mmoja aliyejitanda vizuri alikuja kukaa karibu naye, akasikia jina la gereza likitajwa, akauhamishia mkoba wake upande wa pili. Ange aliliona hilo, akajifanya anaangalia dari. Alikuwa na hamu ya maji ya kunywa lakini alihofia akitoka wataliruka jina lake.

Lukmani alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa huku lakini aliyekulia pwani kwa mjomba wake, na maneno yake yalitoka yamepigwa pasi. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya watoto, akauliza mihogo imekubali vipi mwaka huu. Upole huo ndio uliomponza Ange. Alimweleza yote: shimo la ndizi, chungu, mrija, Jumamosi inayokuja.

"Kwa hiyo nakuomba, afande," alimalizia, "umruhusu siku hiyo moja tu. Hata asimeze. Auweke tu mdomoni watu waone."

Lukmani alivua miwani yake. Alikaa akiifuta kwa shati, na Ange akaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na mtu wa serikali akikuhurumia hivyo ujue hana la kukusaidia.

"Mama," alisema, "masharti yale sikuyatunga mimi. Hayana mahali palipoandikwa mrija, wala mila, wala Jumamosi moja."

"Lakini wewe ndiye mwenye kusema."

"Mimi ndiye mwenye kusimamia. Mwenye kusema yuko juu." Alishusha sauti. "Kwa nini umekuja kuniambia? Ungekaa kimya, mimi ningekuwa sijui kitu. Sasa nimejua. Nikijua nikanyamaza, halafu mtu akalipeleka mbele, mimi ndiye nitakayekuja kukaa kwenye benchi ulilokalia."

Ange alisogea ukingoni mwa kiti. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumamosi nitafika mwenyewe. Sina budi."

"Afande, nakusihi, sahau nilichosema."

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Mwambie mumeo asinywe. Ni hilo tu."

"Asipokunywa, mzee atasema hakuna amani."

Lukmani alivaa miwani yake, na macho yake yakawa mbali. "Hilo nalo nitalazimika kulisikiliza," alisema.

Njiani kurudi, Ange alijipiga kifuani kwa ngumi mara kwa mara mpaka abiria wa pembeni akamuuliza kama anaumwa. Mdomo wake mwenyewe! Alikwenda Kasulu kumwombea mumewe mlango wa kupitia, akarudi akiwa amewaletea askari nyumbani.

*

Alikwenda kwa Mzee Ndihokubwayo hata kabla ya kufika kwake. Hakuwa ameingia ua ule tangu msiba. Alipiga magoti penye lango, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa, akangoja.

Mzee alikuwa amechuchumaa kando ya shimo, anafunua majani kidogo na kubonyeza ndizi kwa kidole. Zilikuwa zimeanza kuwa za njano, na harufu yake tamu ilijaa uani. Hakumwambia ainuke.

"Amahoro, baba."

"Amahoro. Sema."

"Baba, tumeshukuru. Mimi na mume wangu tumeshukuru kutoka moyoni. Lakini yule bwana wa Kasulu amemkataza pombe. Hata kuonja. Akionja wanamrudisha ndani. Nilikuwa nafikiri..." Akalitazama shimo. "Nilikuwa nafikiri, kama itakupendeza, mnywe umutobe. Kabla haujachachuka. Ni ndizi zilezile, baba."

Mzee aliyarudisha majani mahali pake, moja baada ya jingine.

"Mwanangu hakufia maji ya ndizi," alisema. "Umutobe ni wa watoto. Nikinywa umutobe na aliyemuua Nsabimana, watu watasema nimecheza naye."

"Baba, wanakuja Jumamosi. Afisa mwenyewe anakuja."

Hapo ndipo mzee alipogeuka. "Amejuaje Jumamosi?"

Ange hakuweza kudanganya. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia ardhi.

"Umekwenda Kasulu?" Sauti ya mzee haikupanda. "Umekwenda kuombea ruhusa pombe yangu? Mimi nilipomzika mwanangu, nilimwomba nani ruhusa? Wao walipompunguzia mumeo kifungo, walikuja hapa kuniuliza nina maoni gani? Walijipunguzia wenyewe huko. Leo nami nataka kupunguza cha kwangu, kidogo nilichonacho, halafu wewe unaniletea sare uani kwangu!"

"Nisamehe, baba. Niliogopa."

"Ego, ndiyo, uliogopa. Na mimi ninaogopa. Ninaogopa kufa nikiwa na jambo hili tumboni."

Mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka mkewe. Kijiji kizima bado kilimwita Mama Nsabimana, kwa jina la mtoto asiyekuwepo, na yeye hakuwahi kumruhusu mtu amwite kwa mwingine. Tangu Pasikali arudi hakumsalimia hata mara moja. Alisimama kizingitini, mikono imefungamana, akimwangalia Ange aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Nimesikia," alisema. "Aje huyo afande. Mwambie kiti chake kipo."

"Mama, nakuomba..."

"Usiniombe. Mimi sijafukia ndizi za mtu. Aliyefukia ni mzee." Akageuka kuingia, kisha akasimama. "Lakini aje. Aje aone kwa macho yake."

Ange alirudi kwake akiburuta miguu. Dukani Firdausi alimkonyeza, akamvuta nyuma ya magunia ya mahindi. "Mama, mimi sipendi umbeya," alianza, na mwenye kuanza hivyo tunamjua. "Lakini watu wanasema ndizi zile ni mtego. Mzee wa watu, sawa, hana neno. Mkewe je? Umeshamsikia akisema amesamehe? Anangoja mumeo auweke mrija mdomoni mbele ya afande, halafu aseme, haya, mchukueni. Kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu."

Firdausi alikuwa amesema kwa sauti kile Ange alichokuwa anakikimbia tangu kule kizingitini.

*

Ijumaa mchana alifunga mzigo. Sufuria, nguo za watoto, Biblia, nguo mbili za Pasikali. Alimwita mumewe ndani, akamwonyesha.

"Twende Kibondo kwa kaka yangu. Tukipitia njia za juu, tukilala njiani, hakuna atakayetuona. Huko utalima, watakusahau."

"Nikivuka kata bila ruhusa, nimevunja sharti."

"Na hapa ukibaki utavunja jingine!" Alimshika mikono yote miwili. "Pasikali, mimi nimelala peke yangu miaka yote ile. Watoto wamekua wakiimbiwa nyimbo shuleni, baba yenu mfungwa, baba yenu mfungwa. Siwezi tena. Nakuambia sasa, kama ulivyotaka nikuambie. Chukua mzigo huu twende."

Pasikali aliuangalia mzigo. Alifika mpaka akainama kuushika fundo. Kisha mumewe akanyooka, mikono mitupu.

"Oya," alisema.

Ange hakuamini masikio yake. Tangu arudi lilikuwa neno la kwanza la kukataa kutoka kinywani mwake, na yeye mwenyewe alionekana kulishangaa.

"Sikia," alisema polepole. "Kule ndani walinisifu. Tabia njema, tabia njema. Unajua tabia yenyewe ilikuwa nini? Sikuwahi kusema hapana. Wakisema chimba, nachimba. Wakisema nyamaza, nanyamaza. Siku moja walimpiga mwenzangu mbele yangu bila kosa, nami nikaangalia pembeni, na hilo nalo likahesabiwa katika tabia yangu njema. Ndivyo nilivyopata ile theluthi. Serikali imenipunguzia. Yule mzee hajanipunguzia hata siku moja, na mtoto alikuwa wake. Sasa ananiita. Nikimkimbia leo, nitakuwa nimemuua Nsabimana mara ya pili."

"Na mimi? Mimi umeniweka wapi?"

"Ninaogopa, Ange. Usidhani siogopi. Usiku mzima nausikia ule mlango. Lakini nitakwenda."

Ange alimpiga kofi la bega, tena na tena, akilia, akimwita mpumbavu, akimwita muuaji, neno ambalo hakuwahi kumwita. Pasikali alisimama akapokea yote. Ange alipochoka, walikaa chini wakaufungua ule mzigo pamoja, wakarudisha sufuria mahali pake.

*

Jumamosi ua wa Mzee Ndihokubwayo ulijaa. Walikuja Waha na sisi wa asili ya Burundi, walikuja wanywaji na walokole waliokuja kuangalia tu, na mwenyekiti wa kitongoji alikuja na kofia yake. Chungu kilikuwa katikati, kipana, povu juu, na mrija mmoja mrefu umesimama ndani. Mama Nsabimana alikaa mbali, kwenye mkeka penye kizingiti, ameegemeza kichwa ukutani. Ange alichagua mahali ambapo angeweza kumwona.

Mzee hakuwa na hotuba ndefu. "Mnajua kilichotokea," alisema. "Mimi sina miaka mingi ya kukichukia." Akainama akanywa, akameza, akangoja wote waone kwamba hakuna sumu. Kisha akaugeuza mrija, akaushika kwa ncha, akamnyooshea Pasikali.

Pasikali alipiga goti moja. Aliutazama mrija, akatazama upande alipo Ange, na Ange, aliyekuwa ameapa moyoni kwamba atapiga kelele, hakupiga. Pasikali akanywa. Hakuonja, alikunywa, na machozi yalimtiririka mashavuni yakadondokea humohumo chunguni. Mzee akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Wanawake wakapiga vigelegele, mwenyekiti akaja akanywa, wakaja wazee wengine wawili, na kwa kitambo kidogo sana Ange akasahau kuogopa.

Ndipo pikipiki ikasikika barabarani.

Vigelegele vilikatika. Lukmani aliingia akiwa amevaa sare, kofia ya pikipiki mkononi. Mara Pasikali alipoiona sare ile, miguu yake ilitenda yenyewe: alichuchumaa palepale kando ya chungu, mikono juu ya kichwa, macho ardhini, kama wanavyochuchumazwa wakati wa kuhesabiwa. Watoto wake waliona. Kijiji kizima kiliona. Ange alitamani ardhi impasukie aingie.

Lukmani mwenyewe alionekana kuona aibu. Alizungusha macho, akaziba pua kidogo maana pombe haijui, si kuinywa wala kuinusa. "Hapa pote pananuka," alisema. "Siwezi kumnusa mtu mmoja." Akamwinamia Pasikali. "Haya. Umekunywa?"

Midomo ya Pasikali ilifunguka. Ange alijua atasema kweli. Miaka yote ile hakuwahi kumdanganya mtu mwenye sare, na hakujua pa kuanzia.

"Afande," Mzee Ndihokubwayo akadakia, "kwenye ua wangu anaulizwa mwenye ua. Niulize mimi."

"Haya, mzee. Amekunywa?"

"Sikumwona akinywa."

"Mwenyekiti?"

Mwenyekiti aliivua kofia, akaivaa. "Mimi nilikuwa nakunywa, afande. Mtu akiwa ananywa haangalii mwenzake."

Watu wawili watatu walicheka, kicheko cha woga kisichofika mbali. Lukmani hakucheka. Hakuwa mjinga. Aliuangalia mrija, akawaangalia waliokuwa karibu nao, midomo yao bado imelowa, kisha macho yake yakavuka ua mzima yakatua kizingitini.

"Wewe mama," alisema. "Wewe ndiye uliyemzaa marehemu. Na hukukaribia chungu, naona." Alisogea hatua chache, akaongea kwa heshima. "Sina haja ya kuwauliza hawa. Nitakuuliza wewe, na utakachosema ndicho nitakachokipeleka Kasulu. Hakuna atakayekulaumu. Mtu huyu amekunywa, hakunywa?"

Hakuna mrija uliomfunga mwanamke yule. Hakuwa amemwahidi mtu kitu. Ange aliyajua maneno yatakayotoka, alikuwa akiyasikia tangu siku ile, aje aone kwa macho yake, na mikono yake ikawatafuta watoto ikawavuta kifuani.

Mama Nsabimana alijiinua kwa kushika ukuta. Alivuka ua bila haraka. Watu walimpisha. Alifika penye chungu, akasimama juu ya Pasikali aliyechuchumaa, akamtazama utosini kwa muda ambao Ange aliona hautakwisha. Kisha akashika mrija, akainama, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, kama mtu aliyetoka shambani na jua, mpaka mzee mumewe akanyanyua mkono kama kumzuia.

Alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mrija ulikuwa unaningoja mimi," alimwambia afande. "Huyu hakunywa. Anaogopa hata maji. Huoni?"

Lukmani aliutazama uso wa mama yule, na mama hakuangalia pembeni. Hatimaye alivaa kofia yake ya pikipiki. "Na amani ipo?" aliuliza.

"Ipo ya kututosha."

"Basi nitaandika hivyo." Akasita, kisha akamwambia Pasikali, "Simama, bwana, unanitia aibu." Akaenda zake, na mlio wa pikipiki ukazama upande wa bondeni.

Pasikali alikuwa bado amechuchumaa. Alijaribu kuushika mguu wa Mama Nsabimana, maneno ya shukrani yakimtoka yamekatikakatika. Mama aliurudisha mguu nyuma.

"Usinishukuru. Nimekunywa, sitakuchongea. Lakini sijakusamehe, na usiende kutangaza kwamba nimekusamehe." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wakikufunga kule, unawalimia wao. Mimi nina shamba la Nsabimana, limekuwa msitu, na mzee huyu mgongo umemwisha. Jumatatu asubuhi uje na jembe. Na Jumatatu itakayofuata. Utalima mpaka nife. Na kwangu hakuna kupunguziwa."

"Ndiyo, mama," alisema Pasikali.

Akasimama, mikono ikamshuka ubavuni. Ange aliwaachia watoto, akakaa chini palepale kwenye vumbi mbele ya watu wote, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamwona.